Mlango wa Kuingilia Uskoti: Scott, Stevenson na Gibbon mbele ya Mwanafunzi

Mwanafunzi wetu anapofika chuoni huwa amekwisha kukutana na Mskoti mmoja, ingawa aghalabu hakuambiwa kwamba ni Mskoti. Mtu huyo ni David Livingstone, aliyefika Nyangwe kando ya mto Lualaba, na ambaye tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni hapo. Mara nyingi huitwa Mwingereza, na maneno huishia hapo. Lakini Livingstone alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Uskoti. Alianza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na umri wa miaka kumi. Na katika kitabu chake cha mwaka 1857 alieleza kwamba baba wa babu yake alifia vitani Culloden. Atakayeuliza Culloden ni nini amekwisha kupiga hodi. Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza ni kitabu gani kinachofaa kumfungulia mlango.

Wako watakaosema kwamba kitabu hicho tunacho tayari katika Kiswahili, yaani Makbeth, tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa na S. S. Mushi (1968). Tafsiri hiyo ina heshima yake katika fasihi yetu, lakini si mlango wa historia. Macbeth wa kweli alitawala tangu mwaka 1040 hadi 1057, na Duncan aliuawa vitani, wala si kitandani katika nyumba ya mwenyeji wake. Tamthilia hiyo iliandikwa na Mwingereza, chini ya mfalme James, ambaye tangu mwaka 1603 alivaa mataji mawili, la Uskoti na la Uingereza. Inatufundisha zaidi jinsi London ilivyoitazama Uskoti kuliko jinsi Uskoti ilivyojitazama.

Walimu wengi, basi, huanza na Walter Scott (1771-1832), na riwaya yake Waverley (1814). Sababu yao ni nzito. Mwaka 1707 Bunge la Uskoti liliunganishwa na la Uingereza. Mwaka 1745 Charles Edward Stuart, mjukuu wa mfalme aliyeondolewa kitini, alitua katika Nyanda za Juu kudai ufalme wa wazee wake; na tarehe 16 Aprili 1746 jeshi lake lilivunjwa Culloden kwa muda usiozidi saa moja. Baada ya hapo sheria ilipiga marufuku mavazi ya watu wa Nyanda za Juu hadi mwaka 1782, na wakuu wa koo walinyang'anywa mamlaka ya kuhukumu watu wao. Scott alikuwa miongoni mwa watunzi wa kwanza kuonyesha kwamba katika vita vya namna hiyo zinazogongana si falme mbili tu, bali namna mbili za kuishi.

Hata hivyo, tumsome kwa makini. Mhusika wake mkuu, Edward Waverley, ni kijana Mwingereza. Nasi huingia Uskoti pamoja naye, tukiwa wageni. Vita vya Culloden havionyeshwi: Waverley huachana na jeshi kabla, na habari humfikia baadaye. Rafiki yake Fergus, mkuu wa ukoo, hunyongwa. Waverley husamehewa na kuoa. Mwishoni picha ya marafiki hao wawili, wamevaa mavazi ya Nyanda za Juu, hutundikwa ukutani katika nyumba iliyokarabatiwa. Hapo ndipo tunapoona udhaifu wa riwaya hii. Walioshindwa wamekuwa pambo la sebule. Wala jambo hilo halikubaki kitabuni: mwaka 1822 Scott mwenyewe ndiye aliyepanga mapokezi ya mfalme George IV mjini Edinburgh, na mfalme akavaa vazi ambalo miaka arobaini tu kabla yake lilikuwa limeruhusiwa tena na sheria. Mwanafunzi anayeanza na Scott peke yake huenda akadhani kwamba utamaduni wa Waskoti ni nguo.

Kwa hiyo tunapendekeza kuanza na Robert Louis Stevenson (1850-1894), ambaye wasomaji wa Kiswahili walimjua zamani kwa Kisiwa chenye Hazina. Riwaya yake Kidnapped (1886) inaanza pale Scott anapofumba macho, yaani baada ya kushindwa. David Balfour, kijana yatima wa Nyanda za Chini, anauzwa na baba yake mdogo kwa nahodha ili apelekwe Amerika. Meli inavunjika, naye anajikuta akikimbia milimani pamoja na Alan Breck, mtu wa Nyanda za Juu na askari wa upande ulioshindwa. Nyuma ya hadithi hiyo yako mauaji ya kweli ya Colin Campbell mwaka 1752, ambayo kwayo James Stewart alinyongwa baada ya kuhukumiwa na baraza lililojaa watu wa ukoo wa Campbell. Humo twaona wakulima maskini wakilipa kodi mara mbili: moja kwa mfalme, na nyingine, kwa siri, kwa mkuu wao aliye uhamishoni Ufaransa. Jambo hilo dogo linafafanua maana ya ukoo kuliko kurasa nyingi za maelezo. Tena David na Alan, Waskoti wote wawili, hawaelewani katika dini, siasa wala desturi. Mwanafunzi hujifunza mapema kwamba Uskoti si moja.

Kitabu cha tatu ni Sunset Song (1932) cha Lewis Grassic Gibbon, na kwetu sisi wanaisimu ndicho chenye swali kubwa. Chris Guthrie, binti wa mkulima, anavutwa huku na huku: shule na Kiingereza chake upande mmoja, shamba, ndugu na Kiskoti upande wa pili. Vita vya 1914-1918 vinawameza wanaume wa kijiji, na mumewe mwenyewe anapigwa risasi na jeshi lake kwa kutoroka. Lakini jambo kuu liko katika usimulizi. Kwa Scott, msimulizi husema Kiingereza, na Kiskoti hubaki vinywani mwa wahusika, hasa watu wa chini. Gibbon aliuvunja ukuta huo: msimulizi mwenyewe husema kwa mdundo na msamiati wa kijiji. Lugha iliyokuwa ikisimuliwa sasa inasimulia. Anayesoma kwa Kifaransa tu yumo katika hatari ya kutosikia tofauti hiyo, kwa maana katika tafsiri lugha mbili huwa moja. Mwalimu hana budi kusoma naye angalau kurasa chache za asili.

Hapa mwanafunzi wa Lubumbashi hahitaji kufafanuliwa sana. Naye ana Kiswahili cha nyumbani na Kiswahili cha darasani. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, ulioitwa wakati ule Elisabethville, kwa Kiswahili cha watu waliofanya kazi katika nyumba za wazungu; aliandika walivyosema. Je, maandishi yale ni fasihi, au ni data ya isimu tu? Gibbon anatulazimisha kujibu, nasi tukumbuke kwamba hata makala haya yameandikwa kwa Kiswahili sanifu.

Tumalize kwa kusema kwamba Scott asiachwe. Asomwe wa mwisho, si wa kwanza. Atakayekuwa amekimbia na Alan Breck na kulima na Chris Guthrie ataitazama ile picha ukutani na kuuliza ni nani aliyeitundika, na kwa faida ya nani. Mwanafunzi akiuliza hivyo juu ya Uskoti, hatachelewa kuuliza hivyo hivyo juu ya Nyangwe.