Kichwamaji na Maana Mbili za Neno "Mawazo"

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliandika riwaya mbili ambazo kila moja inaishia kwa mhusika wake mkuu kujiua: Rosa Mistika ya mwaka 1971, na Kichwamaji ya mwaka 1974. Wahakiki wameandika mengi juu ya vifo hivyo, na wanafunzi wengi wamevijibia mitihani. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Kazi yangu nimeifanya Shinyanga na Geita, na nimezisoma riwaya hizo mara kadhaa kwa jicho la wodini. Geita yenyewe, hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza pamoja na Ukerewe, hivyo watu wa Kezilahabi si wageni kwangu. Baba mlevi anayepiga, msichana aliyeaibishwa, kijana msomi asiyejua arudi kijijini kwa sura gani: nawapokea.

Nianze na Rosa, ambaye sitakaa naye sana. Usomaji wa shuleni umekifanya kifo chake kuwa mshahara wa tabia. Alilelewa kwa fimbo, akapotoka, mchumba akamkataa, akajiua. Mwalimu anafunga daftari. Mwandishi mwenyewe hakuridhika na hesabu hiyo, ndiyo maana aliipeleka kesi mbele ya Mungu na kumsimamisha Zakaria, baba mtu, naye ajibu. Lakini sisi tunaendelea kuihukumu huku huku chini. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Matokeo yake nayaona mapokezi. Ndugu wanafika na mgonjwa na wanasema "alikunywa kwa bahati mbaya, nesi", kwa sababu wanaiogopa fomu ya PF3 na askari atakayeisoma. Nasi tunaandika bahati mbaya. Mgonjwa anapona tumbo, anarudi nyumbani bila mtu yeyote kumwuliza lolote, ingawa inajulikana kwamba aliyewahi kujaribu ndiye wa kuangaliwa kwa karibu kuliko wote. Kenya wamepiga hatua: Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba.

Kichwamaji ni kitabu kizito zaidi, na hapo ndipo nina ugomvi na wahakiki. Wengi wanamsoma Kazimoto kama mwanafalsafa. Neno linalotajwa ni udhanaishi, na jina la Albert Camus haliko mbali. Kazimoto anatafuta maana ya maisha, haioni, basi anajiua. Kifo kinakuwa kama jibu la mwisho la hesabu ndefu. Usomaji huo una haki yake, maana Kazimoto ndiye anayetusimulia, na kichwa chake kimejaa maswali kuhusu Mungu na kuwapo kwetu duniani.

Lakini Kiswahili chenyewe kingetufikisha mbali zaidi kama tungekisikiliza. "Mawazo" ni fikra. Vilevile, ukimwambia mama yeyote wa Kahama kwamba mwanao "ana mawazo", hatakuuliza ni mawazo ya Mfaransa gani. Atauliza kama anakula, kama analala, na amekuwa hivyo tangu lini. Kichwamaji ni riwaya ya mawazo kwa maana zote mbili, na wahakiki wamechukua moja tu. Rudia kukisoma ukiwa na maswali ya yule mama. Huyu ni kijana ambaye dada yake, Rukia, amekufa baada ya kupewa mimba na Manase, mtu aliyekua naye. Amemwoa Sabina, dada wa Manase huyo huyo. Mtoto aliyemtarajia anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi. Msiba juu ya msiba, hasira isiyo na pa kwenda, aibu ambayo haitamkiki. Sihitaji Paris ili nimwelewe.

Wachimbaji wadogo wanaoletwa kutoka Nyarugusu au Rwamagasa hawana udhanaishi. Duara halikutoa kitu, mfadhili anadai, mke aliyeachwa Maswa anaamini pesa inakuja. Mtu huyo atakwambia "nimechoka" au "sioni mbele", na jirani yake kwenye mialo atamtia moyo: dhahabu ni bahati, kesho utapata. Ni maneno mazuri, ila yanaufunga mlango. Atakayemsikiliza amwulize pia kuhusu zebaki anayoichoma, maana mvuke wake hutetemesha mikono na kuharibu usingizi na hali ya moyo. Halafu amwulize lile lenyewe, kwa jina lake: "Baba, umefikiria kujiua?" Wauguzi vijana huona haya kumtamkia mtu mzima neno hilo, wanazunguka na "kujidhuru" au "mawazo mabaya". Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi huanza kwa kunyamaza, kisha hupumua, kisha husema.

Sisi wasomaji tunakaa ndani ya kichwa cha Kazimoto kurasa zote na kumsikia. Walio karibu naye wanaona hasira na usomi. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kutisha katika kitabu hiki, na ndiyo sababu ningewapa wanafunzi wa uuguzi wakisome kabla ya kitabu cha kiada.

Hata hivyo nina lawama kwa mwandishi pia. Mwisho wake unakuja umenyooka mno. Anayeletwa wodini akiwa ametaka kufa, aghalabu alitaka pia kuishi, saa ile ile. Alimpigia mtu simu, aliacha mlango wazi, alijuta kabla gari halijafika. Wengi wanaookolewa hawafi kwa kujiua baadaye. Saa ile mbaya hupita, na kinachoamua mara nyingi ni kitu kidogo kama umbali kati ya mtu na chombo cha kumwulia. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, mwaka 1995 na miaka iliyofuata, vifo vya kujiua vilipungua sana, na wakulima waliendelea kuvuna. Kwetu dawa ya pamba bado hulala uvunguni. Ninapowashauri akina mayu wa Shinyanga waiweke kwenye sanduku lenye kufuli kwa jirani, wanadhani nazungumzia watoto wachanga. Kazimoto hapewi saa ya namna hiyo. Fikra zake zimekwisha kuamua, na hoja ikiwa safi kiasi hicho msomaji mwenye mawazo yake mwenyewe anaweza kuipenda.

Kisha yuko Sabina. Katika maelezo ya shule niliyoyapitia, anatajwa kama mke wa Kazimoto na dada wa Manase, basi. Amempoteza mtoto, amempoteza mume, na kaka yake ana sehemu katika maafa yote. Wajane wa namna hii hawaletwi hospitali. Inabidi wafuatwe nyumbani, baada ya matanga, wakati watu wameshaondoka na maneno ya kwamba ndiye aliyemmaliza yameanza kusemwa kisimani.