Jedwali la Bureti: Mistari Mitatu na Mmoja Unaokosekana

Jedwali la titresheni, lile ambalo wanafunzi wa kidato cha nne hulichora kwa rula katika mtihani wa vitendo wa Kemia, lina mistari mitatu: usomaji wa mwisho, usomaji wa mwanzo, ujazo uliotumika. Mwisho umekaa juu ya mwanzo. Sababu iko kwenye chombo: sifuri ya bureti iko juu, namba hukua kadiri tindikali inavyoshuka, na namba kubwa ikikaa juu kutoa ni rahisi. Jedwali halisimulii jaribio, linaliandalia hesabu.

Uzuri wake mkubwa uko katika safu ya kwanza, ya pailoti. Hapo koki hufunguliwa haraka ili ijulikane tu rangi itageukia wapi, na mara nyingi mkono hupitiliza. Tuseme chupa ina sm³ 25.00 za sodiamu haidroksaidi ya molari 0.1, kiashiria ni methili orenji, na ndani ya bureti mna asidi ya haidrokloriki isiyojulikana ukolezi. Pailoti inatoa 20.70, majaribio yanayofuata 20.00, 20.10 na 19.90. Wastani ni 20.00, na ukolezi unaotafutwa molari 0.125. Ile 20.70 haikuingia kwenye wastani, wala haikufutwa. Nalipenda sana umbo hili linaloacha kupitiliza kuonekane, tena mbele kabisa.

Tarakimu ya mwisho nayo isomwe kwa makini. Bureti ya darasani ina alama za kila sm³ 0.1, kwa hiyo nafasi ya pili baada ya nukta huandikwa 0 au 5 kwa kukadiria. Ndipo jicho la mwanafunzi linapoingia kwenye jedwali, na haliingii penginepo.

Hapo ndipo umbo linaponikwaza. Mabadiliko ya rangi, ambayo ndiyo yaliyoamua koki ifungwe lini, hupewa sentensi moja nje ya jedwali: kutoka njano kwenda chungwa. Methili orenji haigeuki ghafla kiasi hicho. Ningeongeza mstari wa nne, wa rangi iliyoachwa na tone la mwisho katika kila jaribio, kwa sababu 19.90 iliyosimama kwenye chungwa hafifu na 20.10 iliyokwisha kuingia wekundu si ushahidi wa uzito mmoja, ingawa wastani huzihesabu sawa.