MJI WA MASIKIONI NA MJI WA MACHONI: MANDHARI KABLA YA KUFIKA, KWA MFANO WA GARISSA

Utangulizi

Watahiniwa wengi wakiulizwa kueleza mandhari katika riwaya hutaja mahali na wakati, kisha wakahamia swali linalofuata. Wataandika kwamba kisa kinatokea mjini au kijijini, nyumbani au gerezani. Jibu hilo halina kosa, ila limeacha nje jambo kubwa. Kabla mhusika hajafika mahali, huwa tayari anapajua kwa namna fulani: amesimuliwa, ameahidiwa, ameonywa au amepaota. Mahali hapo pa kabla ya kufika pana kazi yake katika ujenzi wa kisa, na mwandishi hodari hapaachi patupu.

Katika makala haya mahali hapo ninapaita mji wa masikioni. Ule anaoukuta mhusika baada ya kufika ninauita mji wa machoni. Hoja yangu ni kwamba umbali ulio kati ya miji hii miwili ndio unaozaa kinaya, taharuki na mabadiliko ya mhusika. Nitaonyesha pia kwamba sisi tunaofundisha Garissa na Kaskazini Mashariki tuna mfano ulio hai wa jambo hili, ambao riwaya tulizozoea hazijautumia.

Riwaya tatu, masikio matatu

Tuanze na Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Kongowea Mswahili amelelewa Tanga. Anafunga safari kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua, safari inayomfikisha Kitale. Kwake yeye Kitale ni jina kabla ya kuwa mji, na jina hilo limebeba baba na nasaba. Ndiyo maana msomaji humfuata kituo kwa kituo bila kuchoka. Kila hatua ya kuukaribia mji ni hatua ya kulikaribia jibu la swali alilokua nalo: mimi ni mtoto wa nani? Huu ni mji wa tumaini.

Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna amefungiwa ndani ya nyumba ya Bwana Maksuudi, mbali na macho ya watu. Aliyefungiwa hujengewa dunia na kuta zake. Kadiri anavyozuiwa, ndivyo ulimwengu wa nje unavyozidi kung'aa moyoni mwake. Anapotoroka, uhuru aliouwazia unamwishia mikononi mwa Mama Jeni, katika danguro. Huu ni mji wa tumaini lililodanganya. Mtahiniwa atambue kwamba mwandishi hailaumu tamaa ya msichana peke yake. Kuta zilizomnyima nafasi ya kuuona mji kwa macho zina sehemu yao ya lawama.

Walenisi (1995) ya Katama Mkangi inageuza mambo. Dzombo anahukumiwa na kutiwa ndani ya chombo cha kumpeleka kwenye mauti. Mahali anapopelekwa panatisha kabla hajapaona. Anapofika anakuta nchi yenye utu kuliko ile iliyomhukumu. Hofu ndiyo iliyodanganya. Jina la nchi hiyo nalo linafumbua fumbo: wale ni sisi.

Tukizipanga riwaya hizi tunapata tumaini linalomwongoza msafiri, tumaini linalomponza, na hofu isiyo na msingi. Imebaki hali ya nne, ambayo ni ngumu zaidi kuiandika. Ni hofu yenye ukweli ndani yake, lakini isiyobeba ukweli wote.

Garissa kama matini

Mwalimu anayepokea barua ya kumpeleka Garissa kwa mara ya kwanza huanza na habari, mji utafuata baadaye. Habari yenyewe ina umri mrefu kuliko wake. Tangu 1902 serikali ya kikoloni iliifanya mikoa hii ya mpakani kuwa sehemu ya kuingia kwa kibali, na sheria ya 1934 ikazidi kukaza fundo. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, vya 1963 hadi 1967, pamoja na sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991. Kwa muda wote huo Wakenya wengi waliijua sehemu hii kwa kusikia tu. Usilolijua ni usiku wa giza, na giza hili lilitiwa muhuri wa serikali.

Kisha yakaja mambo ambayo hayakuwa uvumi. Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Mhakiki anayemwambia mwalimu mgeni kwamba hofu yake ni ujinga hajasoma matini vizuri.

Basi huo ndio mji wa masikioni. Mji wa machoni ukoje? Msafiri anatoka Nairobi, anapita Thika na Mwingi, na kadiri anavyoendelea nchi inakuwa tambarare, miti inafupika na joto linapanda. Anajiandaa kulipokea jangwa. Baada ya Madogo anakuta daraja, na chini ya daraja mto Tana, mkubwa, wenye maji ya rangi ya udongo, na kando yake mashamba ya ndizi na maembe. Akiingia mjini anaona korongo wakubwa wenye vipara wametua juu ya miti kama wazee wa baraza. Anaona mikokoteni ya punda ikipeleka maji mitaani, soko kubwa la mifugo, na wauzaji wa maziwa ya ngamia. Adhana ikilia, milango ya maduka inafungwa kwa muda, kisha biashara inarejea.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalofuta yaliyotokea 2015. Lakini hakuna hata moja lililokuwamo katika mji wa masikioni. Hapo ndipo penye somo la uhakiki: sehemu ilisimamia kitu kizima. Katika ushairi tunaisifu mbinu hiyo, kwa kuwa mkono mmoja unaweza kusimamia mtu mzima. Katika maisha mbinu hiyo hiyo huweza kuinyima shule mwalimu.

Masikio ya mwenyeji

Tusisahau upande wa pili. Mgeni ni kuku mweupe, na mwenyeji naye ana taswira yake kabla mgeni hajashuka garini. Hapa kwetu mtu anayesafiri kwenda Nairobi husemekana "anakwenda Kenya". Kauli hiyo ni kinaya kamili: msemaji yumo ndani ya Kenya na anaitaja kama nchi ya mbali. Ilizaliwa na vibali na vizuizi vya miaka mingi. Mwalimu anayetoka "Kenya" hutazamiwa kwamba ataomba uhamisho mapema. Mwanafunzi aliyeachwa na walimu watatu kwa mfululizo ana sababu ya kutoupokea moyo wa wa nne haraka.

Jambo hili linajitokeza hata katika insha. Nikiwapa wanafunzi mada ya safari ya mji mgeni, wengi huandika Nairobi wasiyowahi kuiona: maghorofa yanayogusa mawingu na magari kama siafu. Ni mji wa masikioni uliokaririwa kutoka vitabu vya insha, na mtahini ameusoma mara elfu. Mwanafunzi huyo huyo alivuka daraja la Tana asubuhi, lakini hadhani kwamba daraja hilo linaweza kuingia katika Kiswahili sanifu. Kazi yetu ni kumwonyesha kwamba linaweza. Ayaandike yote mawili: alichosikia kuhusu Nairobi, na alichokiona nyumbani ambacho wa Nairobi hajakisikia.

Hitimisho

Mtahiniwa anayeulizwa kuhusu mandhari na ajiulize maswali matatu: mhusika alisikia nini, alisikia kwa nani, na alikuta nini. Swali la pili ndilo huachwa mara nyingi, nalo ndilo hufichua maudhui, kwa sababu anayetusimulia mji huwa na lake. Riwaya ya Kiswahili itakayomshusha mhusika wake Garissa, ikiitendea haki hofu yake na kuyatendea haki macho yake, bado tunaingoja. Pengine mwandishi wake yumo katika mojawapo ya madarasa yetu, akikariri maghorofa.

Maswali ya mjadala

1. "Hofu na tumaini zote hudanganya." Jadili kauli hii ukirejelea Utengano na Walenisi.
2. Eleza jinsi jina la mahali linavyoendeleza maudhui katika riwaya mbili ulizosoma.
3. Andika insha kuhusu mji usiowahi kuufikia. Onyesha wazi ni nani aliyekusimulia kila jambo.