Kijana Mrefu Hupelekwa Namba Tisa

Kwenye viwanja vya shule vya Buswelu na kata nyingine za Ilemela, Mwanza, nafasi hugawanywa kwa mwili kabla mpira haujaguswa. Mrefu anapelekwa namba tisa au namba tano, mwenye mbio anakuwa winga, mfupi mwenye chenga anapewa namba kumi, na anayebaki anacheza beki wa pembeni. Timu ya wilaya ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inapochaguliwa, skauti anakuta mgao huo umeshaota mizizi.

Tatizo la mgao huo linaanzia kwenye umri. Kijana aliyebalehe mapema anawazidi wenzake wa kidato kimoja nguvu na kasi, na mabao yake mengi yanatokana na tofauti hiyo. Wenzake wakishakua, hana tena cha kuwazidi. Kudanganya umri nako ni balaa jingine, ndiyo maana CAF hupima vijana wa chini ya miaka 17 kwa picha za MRI za kifundo cha mkono. Serengeti Boys, timu ya Tanzania ya umri huo, walikwenda fainali za Afrika za 2017 nchini Gabon baada ya Congo-Brazzaville kuenguliwa, kwa kuwa mchezaji mmoja wa Congo hakufika kupimwa. Shuleni hakuna mashine hiyo. Mimi humtazama mfungaji siku anapokabwa na beki mwenye mwili kama wake.

Huko Gabon, Serengeti Boys wale wa kocha Bakari Shime walitoka sare ya 0-0 na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakafungwa 1-0 na Niger. Miongoni mwa mabeki wao alikuwa Dickson Job, ambaye leo ni wa Yanga na Taifa Stars. Kwa beki wa kati, Job si mrefu. Shule nyingi zingemhamishia pembeni bila kumuuliza, lakini yeye huanza kusogea kabla pasi haijapigwa, akafika mpira ukiwa bado njiani.

Uwezo huo huonekana ukiacha kuufuata mpira kwa macho. Mchague kijana mmoja, mtazame yeye tu kwa dakika kumi. Je, anageuza shingo kutazama nyuma yake kabla ya kupokea? Anaupokea mpira akiwa ameshafungua mwili kuelekea goli la wapinzani, au anaupokea kwanza ndipo atafute pa kwenda? Kwenye uwanja wenye mashimo na kokoto mguso wa kwanza hudanganya, kwani mpira unaweza kumdundia vibaya hata fundi. Shingo haitegemei uwanja. Kama kuna nafasi ya kumpeleka kwenye nyasi bandia za uwanja wa Nyamagana, mguso wake upimwe huko.

Kuhusu nafasi, mfano ninaoupenda ni Novatus Dismas wa Taifa Stars. Tangu alipotoka Azam amecheza kiungo na beki wa kushoto, na Shakhtar Donetsk ilimchukua kwa mkopo mwaka 2023 akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mchezaji wa namna hiyo hapatikani kama kijana amefungiwa namba moja tangu kidato cha kwanza. Namba tisa mrefu anayependa kurudi nyuma kuchukua mpira achezeshwe namba sita mechi mbili tatu. Winga anayekimbia kurudi kukaba bila kuitwa, huyo namba mbili inamsubiri.

Tabia naihukumu kwa sekunde tano baada ya kupoteza mpira. Wapo wanaoinua mikono kumlaumu mtoa pasi, na wapo ambao tayari wameshageuka kumkimbiza aliyewapokonya. Kijana namtazama tena akitolewa: anakaa wapi, na je, anamwambia aliyeingia badala yake kwamba beki wa kulia wa wapinzani hana mguu wa kushoto? Anayesema hivyo akiwa amekasirika, huyo jina lake naliandika kwanza, hata kama siku hiyo hakufunga.