Ulikuwa Wapi Usiku wa Fainali? Uhakiki wa Kumbukumbu za 11 Julai 2010

Kila nchi ya ukanda wetu ina tarehe yake. Watanzania wa rika la wazazi wetu wanakumbuka walikokuwa MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na walikokuwa kifo cha Mwalimu Nyerere kilipotangazwa tarehe 14 Oktoba 1999. Wakenya wana 7 Agosti 1998. Warundi wana 21 Oktoba 1993, siku aliyouawa Rais Melchior Ndadaye. Sisi wa Kampala tuna 11 Julai 2010, Jumapili ya fainali ya Kombe la Dunia, Uhispania na Uholanzi. Usiku huo mabomu yalilipuka katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, na katika uwanja wa raga wa Kyadondo, huku watu wakitazama mpira. Waliouawa walikuwa zaidi ya 70. Kundi la al-Shabaab lilidai kuhusika na kusema linaiadhibu Uganda kwa kupeleka wanajeshi Somalia.

Mimi nilikuwa na miaka saba na nilikuwa nimelala. Sina la kusimulia. Lakini nimekua nikiyasikia masimulizi ya usiku ule kwenye teksi, katika mikesha ya matanga, kwenye meza ya chakula wageni wanapokuja, na sasa ninaposoma fasihi simulizi nimeanza kuyasikiliza kama mhakiki. Makala haya yanahusu masimulizi hayo na namna yanavyosimuliwa. Historia ya tukio lenyewe imeandikwa kwingine, na Mahakama Kuu ilikwisha kutoa hukumu mwaka 2016.

Katika uainishaji wa Mulokozi wa mwaka 1989, ambao sote tumeufanyia mtihani, kumbukumbu ni kipera cha salua, pamoja na visakale, mapisi, tarihi na visasili. Salua ni masimulizi ambayo jamii inayachukulia kuwa yalitokea kweli. Ngano iko upande wa pili, kwa kuwa hakuna anayeamini kwamba sungura alizungumza. Mgawanyo huo unafaa darasani. Tatizo langu ni kwamba kumbukumbu za 11 Julai nilizozisikia zina umbo la ngano kuliko wanavyokubali wanaozisimulia.

Angalia zinavyoanza. Fanani hutaja kwanza timu aliyoishabikia. Ghana ilikuwa imekwisha kutolewa na Uruguay katika robo fainali, kwa hiyo Mwafrika hakuwa na timu, na kila mtu alijichagulia upande. Kisha anataja mahali: kibanda cha video, baa ya jirani, sebuleni kwa shemeji. Halafu vuvuzela. Sijasikia simulizi hata moja la usiku ule lisilo na vuvuzela. Baada ya hapo huja bao la Iniesta, watu wanaruka, bia zinamwagika, na katikati ya shangwe ndipo unasikika mlipuko. Shangazi yangu mmoja husimulia hivyo. Dereva wa teksi aliyetubeba kutoka Nakawa wiki chache zilizopita alisimulia hivyo hivyo, akaachia usukani kwa mkono mmoja ili atuonyeshe jinsi alivyorusha kofia.

Sasa tuhesabu. Iniesta alifunga katika dakika ya 116, katika muda wa nyongeza. Mabomu ya Kyadondo yalilipuka dakika 90 za kawaida zilipokuwa zikiishia, na lile la Kabalagala lilikuwa limetangulia. Aliyesikia mlipuko hakuwa ameliona bao. Bao lilipofungwa kule Johannesburg, waliokufa Kyadondo walikuwa tayari wamekufa. Mashabiki wengi wa Kampala walilishangilia bila kujua, na wasingeweza kujua.

Msomaji asinielewe vibaya. Simwiti shangazi mwongo. Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Brown na Kulik waliandika mwaka 1977 kwamba habari nzito za ghafla hukaa akilini kama picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera. Baadaye Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Marekani jinsi walivyoipata habari ya kulipuka kwa chombo cha anga cha Challenger mwezi Januari 1986. Waliwauliza siku iliyofuata, wakawauliza tena baada ya miaka miwili na zaidi. Majibu ya wengi yalikuwa yamebadilika, ya wengine yamebadilika kabisa, lakini wenyewe waliamini kwamba wanakumbuka vizuri. Kwa hiyo shangazi ana wenzake wengi.

Ila wanasaikolojia wanaishia kwenye kosa, na mhakiki wa fasihi anaanzia hapo. Kwa nini kosa liwe lile lile kwa watu wasiojuana? Mpangilio wa kweli wa usiku ule haupendezi kusimuliwa: watu wanauawa, mpira unaendelea kuchezwa, watu wengine wanashangilia, wanakwenda kulala. Ngano haikubali mfuatano wa namna hiyo. Inataka furaha itangulie, kisha furaha ikatwe. Basi masimulizi yamelisogeza bao nyuma ya mlipuko, na kwa kufanya hivyo yamemwondolea msimulizi jambo linalomkera, yaani kwamba aliruka na kupiga kelele wakati ambapo, kilomita chache tu kutoka alipo, watu walikuwa wamelala kwenye nyasi kati ya viti vya plastiki.

Kuna jambo jingine ninalolishuku. Wengi wa wanaosema walisikia mlipuko, ukiwauliza walikuwa mtaa gani, hawangeweza kuusikia. Walichosikia baada ya bao ni simu. Usiku ule simu za Kampala zililia sana, na swali lilikuwa moja, «Oli wa?», Uko wapi? Nadhani mlio wa simu ndio uliogeuka kuwa mlio wa bomu katika kumbukumbu. Na nadhani kipera hiki chote kimezaliwa na simu hiyo. «Ulikuwa wapi?» ni «Uko wapi?» iliyotiwa wakati uliopita. Ndiyo maana simulizi huanza na mahali badala ya mtu au tendo: anayeulizwa analazimika kutaja mahali ili aliyepiga apumue. Ukilitazama hivyo, umbo lake linaeleweka, na kasoro yake pia. Simulizi hili linaweza kutolewa na aliyepokea simu tu.

Sehemu inayonisumbua zaidi ni ile ninayoiita nusura. Karibu kila fanani ana nusura yake. Nusura niende Kyadondo, lakini rafiki alichelewa. Nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu, mtoto akaanza kutapika. Tulifika hadi Lugogo, tukaona msongamano, tukageuza. Kifani, nusura hujenga taharuki, na ina msaidizi kama yule kikongwe wa kwenye ngano anayemwonya shujaa asipite njia fulani; hapa kikongwe amekuwa mtoto anayetapika. Halafu fanani anamalizia kwa kusema Mungu alimnusuru. Hadhira inaitikia, wengine «Amina», wengine «Alhamdulillahi». Ni mwisho mzuri wa utendaji. Lakini nimewahi kukaa katika hadhira hiyo karibu na mjomba wangu, na nikajiuliza anayasikiaje maneno hayo mtu ambaye rafiki yake hakutapikiwa na mtoto yeyote, akaenda, akafika mapema, akapata kiti cha mbele.

Mjomba alikuwa Kyadondo. Sikio lake la kushoto halisikii hadi leo. Katika mikusanyiko yetu ya familia masimulizi ya usiku ule yamezunguka meza mara nyingi, na sijawahi kumwona akiombwa kusimulia, wala akijitolea. Nilipomwomba faraghani alisimulia kwa dakika chache tu, bila mwanzo. Alisema watu wa nyuma walidhani spika imepasuka. Akasema kuna mtu alikuwa akitafuta kiatu kimoja, akakitafuta muda mrefu. Akarudi kwenye spika. Hakumtaja Iniesta. Hakutaja vuvuzela. Nilipomwuliza alikuwa akishabikia nani alinitazama kana kwamba nimemwuliza alikula nini siku hiyo.

Kwa vigezo tulivyofundishwa, simulizi la mjomba ni dhaifu. Halina kilele, halina mpangilio, na kila mara analitoa kwa mfuatano tofauti. La shangazi lina vyote. Sitaki kurukia upande wa pili na kusema kwamba kilichovurugika ndicho cha kweli. Mjomba naye anaweza kusahau, na kigugumizi si ushahidi. Ninachosema ni kwamba vigezo vyetu vya utendaji vinampa shangazi nafasi ya kusema na vinamnyima mjomba, na sisi tunaokwenda uwandani na simu za kurekodia tunarudi na wingi wa masimulizi ya watu ambao hawakuwapo. Tunayahifadhi. Tunayaita kumbukumbu ya taifa.

Na hata miongoni mwa waliokuwapo, kuna wasiotafutwa. Kyadondo inatajwa mara kumi kwa kila mara moja ya Kabalagala. Sababu moja naielewa, Kyadondo walikufa wengi zaidi. Sababu nyingine haipendezi kuisema: katika mkahawa wa Ethiopian Village miongoni mwa waliouawa walikuwamo Waeritrea na Waethiopia, watu walioishi Kampala kama wageni, na «taifa» katika msiba wa taifa halikuwahesabu sawasawa. Kumbukumbu zao zipo, kwa Kitigrinya na Kiamhari, katika nyumba za Kabalagala na Kansanga. Sijui mwanafunzi hata mmoja wa kozi yetu aliyekwenda kuzitafuta. Kisha kuna Makindye. Bomu jingine lilipatikana huko baadaye katika Makindye House, ukumbi wa starehe, likiwa halijalipuka. Waliokuwa wakistarehe pale ndio wenye haki ya neno nusura kuliko mtu yeyote mwingine, nao walirudi nyumbani bila kujua. Sijawahi kusikia simulizi la mtu wa Makindye. Usiku wao haukuwa na tukio.

Wenzetu wa Rwanda watasema kwamba swali lenyewe halina maana moja kila mahali, na watakuwa wamesema kweli. Katika vikao vya gacaca, vilivyofungwa mwaka 2012, «ulikuwa wapi» mwaka 1994 halikuwa swali la mazungumzo ya baada ya chakula. Liliulizwa mbele ya majirani na mahakimu waliochaguliwa na jamii, na jibu liliweza kukanushwa palepale na aliyekuwa amejificha karibu. Kule, kutaja mahali ni kujiweka karibu au mbali na kosa. Kwetu ni kujiweka karibu na msiba bila kudhurika. Nikilinganisha hali hizi mbili naona kwamba kinachokosekana katika masimulizi ya Kampala ni mtu wa kukanusha. Shangazi anapolisogeza bao, hadhira yote imelisogeza pamoja naye.

Sisi wa rika langu tumepata urithi wa usiku ule kwa njia nyingine. Tumekua tukifunguliwa mifuko mlangoni mwa maduka makubwa, tukipapaswa na kifaa cha kukagulia chuma kabla ya ibada, tukidhani ndivyo dunia ilivyo. Siku moja niliwauliza wenzangu wawili bwenini ukaguzi huo ulianza lini. Mmoja alisema tangu zamani. Mwingine alisema ni kwa sababu ya wezi. Hilo nalo ni kumbukumbu ya 11 Julai, ingawa halina fanani.

Kwa wenzangu watakaokwenda uwandani nina pendekezo moja, ambalo nimelijaribu nyumbani tu. Nililiacha swali la «ulikuwa wapi» na kuuliza «ulimpigia nani?» Mama, ambaye kwa kawaida husimulia fainali kama mtangazaji wa redio, alinyamaza kidogo, kisha akataja majina matano kwa mfuatano. La kwanza lilikuwa la dada yake. La tatu lilikuwa la mjomba. Alisema alipiga mara nyingi bila kujibiwa, kisha akapokelewa, akaambiwa «Niko nyumbani», akamshukuru Mungu, akazima taa akalala.

Nilimwuliza mjomba swali hilo hilo kwa upande wake: nani alikupigia? Akasema simu nyingi zilikuwa zikilia pale kwenye nyasi, na ilimchukua muda kutambua kwamba mojawapo ni yake. Aliliona jina la dada yake, akaendelea kulitazama. Hatimaye alipopokea, alisikia «Oli wa?» kwa sikio moja, akataja mtaa wetu.