Ufa Ulionyooka

Mlango wa chumba changu hapa Gitega una ufa mmoja, umenyooka kutoka juu hadi chini ya paneli ya chini. Teke haliachi ufa wa namna hiyo. Pigo huacha mwanya uliopinda, wenye nyuzi za mbao zilizochomoza. Huu umefuata nyuzi za mkaratusi kama mstari wa daftari. Nilipoumulika kwa tochi nikaona misumari minne midogo, miwili kila ubavu, vichwa vimezibwa kwa rangi. Nikajua kilichoharibu mlango wangu ni matengenezo.

Tulisome umbo lake. Vipande viwili vimesimama, vitatu vimelala, vyote vimeshikana kwa ulimi na tundu. Ukingo wa ndani wa kila kipande umechimbwa mfereji mwembamba, na paneli imeingizwa humo bila gundi wala msumari. Asiyejua atadhani fundi alisahau kumalizia kazi. Kumbe ulegevu huo ndio ufundi wenyewe. Ubao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, ukivimba na kunywea kwa upana, ilhali urefu wake haubadiliki ila kidogo mno. Gitega mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Kisha Juni hadi Agosti hewa hukauka kabisa. Katika mzunguko huo paneli pana huweza kupungua au kuongezeka milimita kadhaa, na mfereji ndio uwanja wake wa kutembea. Mtu aliyekerwa na paneli inayogongagonga akaikaza kwa misumari mbavu zote mbili. Kiangazi kilipofika, mbao ikataka kunywea, isipate pa kwenda, ikapasuka.

  

Kwa hiyo sikuziba ufa kwa unga wa mbao. Ufa ukizibwa Julai, mvua zikirudi, paneli huvimba na kukosa nafasi. Niling'oa misumari, nikapaka gundi ndani ya ufa, nikasukuma kabari nyembamba kwenye mifereji ya pande mbili mpaka midomo ya ufa ikakutana. Kesho yake nikazitoa kabari. Ili paneli isigonge, nikaweka msumari mmoja juu na mmoja chini, karibu na katikati, hivyo kila ubavu uko huru kwenda na kurudi.

Muyinga, kwa shangazi yangu, kosa lilikuwa jingine. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa ukikwama, na kila mwaka uliitiwa randa. "Mlango umekonda, mwanangu, na bado unakwama," aliniambia. Hapo Kirundi kinasaidia kuliko Kiswahili chetu. Sisi tunasema mlango kwa yote mawili. Warundi wana umuryango, nafasi ya kupita, na urugi, kile kinachoifunga. Shangazi alikuwa akitibiwa urugi, na mgonjwa alikuwa umuryango. Nilivuta kamba kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha pembe zile nyingine. Fremu iliyonyooka hutoa urefu ule ule mara zote mbili. Hii ilitofautiana kwa upana wa vidole viwili: ukuta wa matofali mabichi ulikuwa umetitia upande mmoja na kuivuta fremu.

Tulilegeza fremu, tukaisimamisha upya kwa kabari, tukapima tena hadi kamba ikalingana. Mlango ukafunguka bila kugusa popote. Lakini ulipofungwa ulibaki mwanya ambao mkono wa mtoto ungepita, tukalazimika kugundisha ubavuni upapi wa mgrivilea, kurudisha kile ambacho randa ilikuwa imekila kwa miaka mitatu.