Zimwi Mpenzi: Wasomaji na Riwaya za Mapenzi Zitokanazo na Ngano

Tangu Stephenie Meyer wa Marekani alipochapisha riwaya ya Twilight mwaka wa 2005, vitabu vya aina hii vimekuwa vikipitishwa mkono kwa mkono katika mabweni yetu, aghalabu bila idhini ya mwalimu. Msichana wa kawaida anapendwa na kiumbe asiye binadamu: mnyonya damu, mbwamwitu au jini. Wakati mwingine visa hutendeka katika mji wa kisasa wenye magari na taa za barabarani, kama ilivyo katika War for the Oaks ya Emma Bull (1987), ambamo mwanamuziki wa Minneapolis anampenda kiumbe awezaye kugeuka mbwa. Wakati mwingine mwandishi huchukua ngano kongwe na kuisuka upya. Makala haya yananuia kuchunguza maoni ya wasomaji kuhusu kazi hizi na kuonyesha jinsi mwanafunzi anavyoweza kuyageuza maoni kuwa uhakiki.

Maoni yanayosikika sana ni matatu. Kundi la kwanza hudai kwamba hizi ni hadithi za kitoto zisizo na uhalisia. Dai hili halina mashiko. Katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anamtoa babu kaburini ili amtembeze mjukuu wake, K, na kumwonyesha uozo wa nchi. Msomaji makini hashughuliki kuuliza iwapo wafu hufufuka. Huuliza K amewatendea nini wananchi wenzake. Hali kadhalika, Shaaban Robert katika Adili na Nduguze (1952) anawageuza ndugu wenye husuda kuwa manyani, na bado hakuna anayekana kwamba kisa hicho kinahusu wivu wa binadamu halisi. Fantasia haipimwi kwa kuwepo au kutokuwepo kwa majini. Hupimwa kwa ukweli unaosemwa kupitia kwa majini hao.

Makundi mawili yaliyosalia ndiyo yanayovutana kwa dhati. Moja husema kwamba riwaya hizi husawiri mapenzi ya kweli yasiyojali sura wala asili. Lingine hushikilia kwamba humfunza msichana kuvumilia dhuluma akidhani ni mahaba. La kushangaza ni kwamba pande zote mbili hutumia ushahidi ule ule. Katika Twilight, Edward huingia chumbani mwa Bella usiku na kumtazama akilala, naye Bella hana habari. Katika Eclipse (2007), anaondoa kifaa katika injini ya gari la Bella ili asiende kumtembelea Jacob. Msomaji mmoja huona ulinzi, mwingine huona utekaji. Kwa nini?

Jibu limo katika usimulizi. Sehemu kubwa ya mfululizo huu inasimuliwa na Bella mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Tunamwona Edward kwa macho ya mtu aliyekwisha kumpenda, hivyo kila tendo lake hutufikia likiwa limekwisha kusamehewa. Linganisha na ngano yetu ya msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, kisha akamfuata mgeni mtanashati aliyemwona ngomani. Ngano hii husimuliwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Mara nyingi mgeni huyo huwa na kinywa cha pili kisogoni, kimefichwa na nywele, naye hula nzi kwacho. Fanani husimulia kwa nafsi ya tatu, na hadhira hukiona kinywa hicho kabla ya bibi harusi. Hiki ni kinaya: sisi tunajua, yeye hajui, nasi twatetemeka kwa niaba yake. Laiti ngano ingesimuliwa na msichana huyo siku ya harusi yake, pengine nayo ingekuwa hadithi tamu ya mapenzi.

Aidha, tuangalie miisho. Katika ngano ya Kifaransa ya msichana mrembo na mnyama, iliyoandikwa na Gabrielle-Suzanne de Villeneuve mwaka wa 1740 na kufupishwa na Jeanne-Marie Leprince de Beaumont mwaka wa 1756, mnyama anageuka kuwa mwanamfalme. Katika Breaking Dawn (2008), mambo yanapinduliwa: mpenzi habadiliki, ila Bella ndiye anayegeuka mnyonya damu. Wanafunzi waliotazama filamu ya Shrek (2001) watakumbuka kwamba Fiona pia ndiye anayebaki zimwi. Katika ngano yetu, zimwi hubaki zimwi na msichana hubaki binadamu. Linalobadilika ni mahali alipo, kwani huokolewa, mara nyingi na ndugu mdogo aliyekuwa akidharauliwa. Miisho hii inajibu swali moja kwa njia tofauti: mapenzi yanapokutana na hatari, ni nani anayepaswa kubadilika?

Hata hivyo, tusiharakishe kusema kwamba ngano yetu ni bora. Kosa la msichana yule ni lipi hasa? Alikataa wachumba aliochaguliwa. Zimwi ni adhabu yake. Ngano inayomwonya dhidi ya mume katili ndiyo hiyo hiyo inayomkanya asichague mume. Kwa upande mwingine, mnyama wa Beaumont, ingawa msichana aliletwa kwake kama fidia ya uhai wa baba, humwomba ndoa kila usiku, hukataliwa, na hatimaye humruhusu kwenda kwao. Yeye hurudi kwa hiari.

Kwa hivyo, kipimo ninachopendekeza ni hiki: tusiulize kama mpenzi ana pembe au manyoya, tuulize kama mwanamke ana nafasi ya kukataa na kuondoka. Waandishi wenyewe wamelitambua swali hili. Katika A Court of Thorns and Roses (2015), Sarah J. Maas anamfanya Feyre ampende Tamlin, aliyemchukua kutoka nyumbani kwao. Katika kitabu kinachofuata (2016), Tamlin anamfungia ndani kwa kisingizio cha kumlinda, na Feyre anamwacha. Kitabu cha pili kinakihakiki cha kwanza. (Ikumbukwe kwamba vitabu hivyo ni vya watu wazima, si vya maktaba ya shule.)

Swali hili si la darasani pekee. Wapo wasichana wetu wanaofuatwafuatwa, wanaokaguliwa simu na kukatazwa marafiki, nao huambiwa kwamba huo ni upendo. Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wengi huitumia kumtuliza mtu akae na mabaya aliyoyazoea. Lakini isome tena, mwanafunzi mpenzi: methali haisemi kwamba zimwi halikuli. Yasema tu halitakumaliza.

Mwalimu anayekiona kitabu cha namna hii chini ya dawati anaweza kukitwaa, na hapo mjadala umekwisha. Au anaweza kuuliza: Nani anasimulia? Nani anabadilika? Nani anaweza kuondoka? Maswali hayo matatu yatamfaa mtahiniwa anapojadili ngano, riwaya teule au hadithi fupi. Jibu lisemalo "naipenda" au "siipendi" halina alama. Jibu lisemalo "naipinga, kwa sababu msimulizi ananinyima kukiona kinywa cha kisogoni" ni uhakiki. Na msichana aliyezoea kukitafuta kinywa hicho vitabuni huenda akakitambua mapema siku atakapokutana nacho nje ya lango la shule.